Nani Atanipokea Zamu?

Ndugu Mwenyekiti, wauguzi wafawidhi mliopo, wauguzi na wakunga wenzangu, mabibi na mabwana.

Mlinipa mada ya muuguzi anayefikiria kuacha wodi na kwenda kumhudumia mgonjwa mmoja nyumbani kwake kwa malipo ya familia, nami nimeikubali kwa sababu inanihusu. Nina miaka 17 katika wodi ya magonjwa ya ndani ya wanaume, katika hospitali ya taasisi ya dini hapa Dar es Salaam, na tangu mwaka jana barua yangu ya kuacha kazi imo kabatini, imeandikwa kila kitu isipokuwa tarehe. Nasema basi kama mtu aliyeijaribu njia hii kwa siku 26, akarudi kazini kwake, na bado anataka kuipita.

Sababu zinazotufanya tuitazame njia hii mnazijua, sitakaa nazo sana: zamu ya usiku yenye wauguzi wawili na vitanda vilivyojaa mpaka sakafuni, mgongo unaouma, watoto wanaokua huku mama yao akilala mchana. Ila iko moja ambayo hatuisemi. Siku ya kumruhusu mgonjwa wa kiharusi, tunamfundisha ndugu yake kumlisha kwa mpira kwa muda wa dakika kumi, tunampa karatasi ya kliniki, gari linaondoka, na baada ya mwezi tunampokea tena akiwa na kidonda cha kulalia kilichofika mfupani. Mimi nilichoka kumpokea mtu yuleyule na kidonda ambacho mikono yangu, kama ingekuwa karibu naye, ingekizuia.

Kwa hiyo mwaka jana, nilipokuwa naanza likizo yangu ya siku 28, na kijana mmoja akaniomba nikamhudumie baba yake aliyekuwa ametoka hospitali nyingine, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Mzee alikuwa amepooza upande wa kulia na kupoteza kauli. Alikuwa na mpira wa kulishia puani na mpira wa mkojo, na uwezo wa kumeza ulikuwa haujarudi. Mkewe alikuwa amepita miaka 70 na magoti yake hayakumruhusu kuinama. Wana wawili walikuwa kazini kutwa, na wake zao, ambao ndio waliokuwa wakishinda nyumbani, wasingeweza kumvua nguo na kumwogesha baba mkwe wao. Wala hakuna aliyewataka wafanye hivyo, kwa kuwa kila mtu katika nyumba ile, Mzee mwenyewe akiwemo, aliijua heshima iliyopo baina ya mkwe na mkwe. Wenzangu, mara nyingi uhitaji wa kazi hii kwetu unaanzia hapo. Familia haituiti kwa kumchoka mgonjwa wake. Inatuita kwa sababu ipo kazi ambayo adabu inamkataza mtoto wa nyumba kuifanya, na yupo mtu wa nje ambaye taaluma yake inamruhusu.

Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo. Ningelala hukohuko, kama mtu wa nyumbani, na ningelipwa shilingi 50,000 kwa siku. Niliona ni fedha nzuri, na niliona kulala hukohuko ni heshima. Sikufanya hesabu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeifanya. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, maana yake mara 12 kati ya asubuhi moja na nyingine. Chakula cha mpira huenda kila baada ya saa tatu au nne. Ziko dawa za presha, usafi wa kinywa, mfuko wa mkojo wa kuangalia rangi na kiasi, mazoezi ya viungo ili mkono usikunjamane, na kufua na kubadilisha mashuka usiku wa manane. Wodini kazi hiyo hugawanywa kwa zamu tatu. Mimi niliibeba peke yangu kwa siku nane, na kila siku nikajiambia kwamba nimezoea.

Usiku wa siku ya tisa, baada ya kumgeuza saa nane, niliketi kitini na usingizi ukanichukua. Binti yake, aliyekuwa amefika jioni ile kutoka Morogoro kumwona baba yake, aliamka, akaona saa ya chakula imepita, akaniona nimelala, akanihurumia. Hakuniamsha. Alichukua bomba la kulishia, akampa baba yake uji kama alivyoniona nikimpa jioni. Hakujua kwamba kabla ya kumlisha nilikuwa nimehakikisha kuwa mpira uko tumboni, wala hakujua kwamba mto niliouweka mgongoni ulikuwa wa kumwinua kichwa na kifua, kati ya nyuzi 30 na 45, na kwamba nilimwacha hivyo zaidi ya nusu saa baada ya mlo. Usiku ule Mzee alikuwa amelala chali.

Nilizinduliwa na sauti ya kukorota kooni. Kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni asilimia 84. Nilisimamisha uji, nikamlaza ubavu, nikamsafisha kinywa, nikamwinua, na nakumbuka mkono wangu ukipapasa ukuta wa chumba kile cha kulala kutafuta mashine ya kufyonza makohozi, kwa mazoea ya miaka yote ya wodini, nao haukugusa kitu. Hapakuwa na mashine, mtungi wa oksijeni wala daktari wa zamu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Nishikie hapa." Tulimpakia Mzee kwenye gari la kijana wake. Alilazwa siku sita kwa nimonia, akapona, akarudi nyumbani. Binti yake aliniomba radhi mbele ya mama yake, nami nikamwambia kwamba wa kuomba radhi nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikubali kazi ambayo muuguzi mmoja hawezi kuifanya kwa usalama, na nilikuwa na elimu ya kutosha ya kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, tangu usiku ule nimekuwa na swali moja, na ndilo nililokuja nalo hapa. Muuguzi anapofikiria kwenda kuhudumia nyumbani, wengi humuuliza atalipwa kiasi gani. Mimi namuuliza atampokea nani zamu, na nani atampokea yeye. Wodini, saa moja na nusu asubuhi, tunapita kitanda kwa kitanda, anayetoka anaeleza, anayeingia anauliza, na kile nilichokisahau usiku kinaonwa na macho yaliyolala. Makabidhiano yale tunayaona kama utaratibu tu, na mara nyingine tunayaharakisha kwa sababu daladala zinajaa. Lakini humo ndimo mnamotoka ruhusa ya kwenda kulala, na humo ndimo anamopatikana shahidi wa kazi tuliyoifanya. Muuguzi wa nyumbani asiye na makabidhiano amepoteza vyote viwili, usingizi na ushahidi, na mgonjwa wake amepoteza zaidi.

Waliotutangulia walilijua hili. Katika miaka ya kabla ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wauguzi na wahudumu wa kujitolea walikuwa wakienda majumbani Temeke na kwingineko wakiwa na vifaa vyao begani. Huduma ya PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ilianza mwaka 1992. Wauguzi na wahudumu hao waliingia katika vyumba ambavyo majirani hawakutaka kuviingia. Hawakuwa watu waliotumwa na kusahauliwa, kwani nyuma yao kulikuwa na kituo cha kurudi na wenzao wa kuwaeleza walichokikuta. Huduma ya nyumbani ya kulipwa imekuja na fedha, lakini mara nyingi imekiacha nyuma kile kituo.

Mzee aliporudi nyumbani niliiambia familia kwamba sitaendelea peke yangu. Nilimwita muuguzi mstaafu, mama aliyenifundisha kutundika dripu nilipokuwa mwanafunzi, naye akakubali kushika usiku. Tulinunua kaunta buku, tukaichora safu za saa, mapigo ya moyo, presha, joto, kilichoingia, kilichotoka, ubavu aliolalia, dawa na jina la aliyeitoa. Jioni ya kwanza alivua kanga ya safari, akanawa mikono, akasimama upande wa pili wa kitanda na kuniambia, "Nipe ripoti." Nilimpa ripoti ya mgonjwa mmoja kwa muda ambao wodini ningetoa ya wagonjwa kumi, kisha nikaenda kulala saa saba mfululizo. Siku 11 zilizobaki zilikuwa siku bora za uuguzi nilizopata kuzifanya. Mgongo wa Mzee ulibaki mzima, na siku mbili kabla sijaondoka alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaukaza.

Sasa nirudi kwenye hesabu niliyoikwepa. Juma lina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, na hata kwa kazi ya ziada mtu hapaswi kuvuka saa 12 kwa siku, tena awe na mapumziko ya juma ya saa 24 mfululizo. Gawanya 168 kwa 45, unapata watu watatu na zaidi ya nusu. Mgonjwa mmoja anayehitaji muuguzi mchana na usiku anahitaji wauguzi wanne. Familia inayotaka mmoja alale hukohuko siku zote saba haikusudii ubaya, haijafanyiwa hesabu tu, na mtu wa kuifanyia hesabu hiyo, mbele yake, kwa upole na kwa karatasi, ni muuguzi aliyeitwa. Nami nilikuwa nimeshindwa kuifanya.

Hesabu hiyo ina uchungu wake katika fedha. Kwa shilingi 50,000 kwa kila zamu ya saa 12, zamu mbili kwa siku, familia italipa shilingi 3,000,000 kwa mwezi wa siku 30. Ni fedha ambayo kaya nyingi za Tabata, Mbagala au hata Mikocheni haziwezi kuitoa kwa muda mrefu. Ukiigawa kwa wauguzi wanne, kila mmoja anapata 750,000. Humo atoe mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa mwajiriwa ni asilimia 20 ya ujira. Mwajiri wa kawaida huchangia walau nusu yake, lakini anayejiajiri hana wa kumchangia, na akitaka kujiwekea kiwango hichohicho, hapo 150,000 imekwenda. Likizo ya siku 28 ambayo leo tunalipwa, huko italipwa na mfuko wako mwenyewe. Siku 126 za ugonjwa ambazo sheria inampa mwajiriwa katika kila kipindi cha miezi 36, za nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na za nusu ya pili kwa nusu mshahara, nazo zitategemea mkataba uliouandika. Wenzetu mlio katika utumishi wa umma, ambao michango yenu iko PSSSF, nawasihi mkae na maofisa wa mfuko kabla hamjaandika barua yoyote, mjue miezi yenu mliyochangia ni mingapi, kwa kuwa miezi 180 ndiyo inayomfungulia mtu mlango wa pensheni, na kuacha kazi ukiwa umebakiza michache ni hasara itakayokukuta uzeeni.

Naziweka tarakimu hizi mezani kwa sababu ndizo zinazowafanya wengi wakubali kulala hukohuko. Mmoja anapokea fedha ya wawili na anajiona amepata, mpaka ufike usiku wake wa tisa.

Kuhusu mkataba, msiende bila maandishi, hata kama anayewaita ni jirani au ndugu. Maandishi yataje saa za kazi, nani atakupokea, daktari gani anayeagiza matibabu na anapatikana vipi, nani ndani ya familia mwenye kauli ya mwisho saa tisa usiku, na gari la kumpeleka mgonjwa hospitali litatoka wapi. Yataje pia kazi isiyokuwa yako. Wengi wenu mmelalamika kuambiwa mpikie nyumba nzima, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini naomba tusiyageuze kuwa dharau kwa dada wa kazi. Katika nyumba ile, aliyenisaidia kumgeuza Mzee mchana alikuwa msichana wa miaka 20 ambaye hakuna aliyemfundisha kuinama kwa magoti badala ya mgongo. Nilimfundisha, na baada ya siku tatu alikuwa akigundua wekundu kisiginoni kabla yangu. Anastahili shukrani kwa jina lake ndani ya nyumba ile, na anastahili nyongeza kwa kazi aliyoongezewa.

Mtaitwa pia na watu wengine. Muuguzi akionekana mtaani kwa wiki moja, jirani ataleta sindano za masaa alizozinunua duka la dawa na kuomba achomwe, na mwingine ataomba dripu ya kumpa nguvu. Kataeni. Leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga haikugeuka kwa sababu umevuka kizingiti cha nyumba ya mtu, na mwenye mzio wa dawa akianguka sebuleni utakuwa peke yako kuliko nilivyokuwa mimi. Vilevile nendeni na kisanduku cha kutupia sindano, kirudishwe kituo cha afya kikijaa. Kijana anayebeba takataka za mtaa huo ana mikono, na akichomwa na sindano ana saa 72 tu za kuanza dawa za kinga, na huenda asijue hata pa kwenda.

Jambo ambalo wodini hatufundishwi ni kwamba nyumbani mgonjwa si wetu. Hospitalini ndugu wanaingia saa za kuona wagonjwa na tunawatoa kengele ikilia. Nyumbani mimi ndiye mgeni. Siku moja shangazi wa watoto alikuja na kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, akitaka kaka yake anywe. Tone moja lingeweza kwenda mapafuni. Wodini ningesema hairuhusiwi, na shangazi angesubiri nigeuke. Pale nilimweleza kwamba koo la Mzee bado halijui njia, nikamwomba achovye pamba, ampake midomoni na kwenye paji la uso huku akisoma dua. Alifanya hivyo kwa utulivu mkubwa, na Mzee akafumba macho. Niliandika kwenye kaunta buku: "Amepakwa maji ya kombe midomoni, hakumeza." Mama wa zamu ya usiku aliisoma, akaelewa cha kufanya shangazi akirudi.

Na liko la mwisho, ambalo bado ni zito kwangu kulisema. Mzee alifariki dunia miezi minne baadaye, akiwa kitandani kwake, mkewe akiwa ubavuni. Mimi nilikuwa wodini. Yule mama mstaafu ndiye aliyekuwa zamu. Alimfunga kidevu, akamnyoosha viungo, akawaachia jamaa waliokuja kumwosha, akakaa msibani siku tatu kama ndugu, na siku ya nne alirudi kwake bila mgonjwa na bila kazi. Wodini kifo kinatuumiza, lakini mshahara wa mwisho wa mwezi uko palepale na kitanda kinapata mtu mwingine. Nyumbani, msiba na kukoma kwa riziki vinafika asubuhi moja, na ukishampenda mgonjwa unaona aibu hata kuuliza malipo ya siku zilizobaki. Ndiyo maana nataka mkataba useme mapema, siku ambayo kila mtu ana matumaini, kwamba kazi ikikoma kwa kifo familia italipa siku kadhaa za mwisho. Likiandikwa mapema, hakuna atakayelazimika kulisema mbele ya jeneza.

Hivi sasa tuko watatu: mimi, yule mama mstaafu, na kijana mmoja mwenye diploma na leseni ambaye bado hajapata ajira. Tumekwenda Baraza kuulizia kibali kinachotakiwa kwa huduma ya namna hii, na tunafuatilia. Hatutauza saa 24 za mwezi mzima, kwa kuwa wenye kuzimudu ni wachache. Tutashika mchana na usiku kwa majuma mawili ya kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa, ambayo ndiyo ya hatari na ndiyo ya kufundishia, kisha tutabaki na mchana, na usiku utashikwa na familia iliyokwisha kufundishwa kuinua kichwa, kugeuza na kuandika, ikiwa na namba ya simu ambayo mmoja wetu ataipokea. Binti yule wa Morogoro angekuwa amefundishwa hivyo, angemwinua baba yake kwanza.

Hesabu niliyowaonyesha inataka wanne. Barua yangu nitaitia tarehe siku atakapopatikana wa nne, kisha nitatumikia siku 28 za notisi na kukabidhi wodi kama inavyostahili. Aliye tayari kushika usiku tukutane pale mlangoni baada ya kikao, aje na leseni yake iliyo hai. Kaunta buku ninayo mkononi, na anaweza kuisoma kabla hajanijibu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.